Toyota Vitz RS kwenye vumbi la Tanga: gari la timu ya watu wanne

Timu ndogo ianzie mbio za vumbi kwa gari gani? Jibu kwa mwenye haraka: timu ya watu watatu au wanne, mfuko mwembamba, fundi mmoja anayeijua kazi yake. Kwa timu hiyo, Vitz RS ya gia za mkono ya kizazi cha kwanza ndiyo gari la kuanzia mbio za wikiendi huku Tanga. Si kwa kasi yake. Ziko Subaru na Starlet za turbo zitakazoipita kwenye mnyoofu kama imeegeshwa. Kinacholibeba gari hili ni Jumamosi jioni. Gari liko juu ya stendi, kesho kuna raundi, kitu kimekufa, na duka la spea Ngamiani linafunga baada ya saa moja. Kinachotakiwa kipo, kwa sababu injini ya Vitz RS ndiyo hiyohiyo ya IST, na IST mjini Tanga zimekuwa kama baiskeli: asiye nayo, jirani yake anayo.

Mbio zinazozungumziwa hapa ni za vumbi. Mzunguko wa kilomita 2 hadi 4 uliochongwa kwa greda, morami (udongo wa kushindilia barabara) juu, kokoto za chokaa chini yake, gari linashindana na saa, siku mbili mfululizo. Anayetaka kuliendesha gari hili kwenye lami asome sehemu ya breki mara mbili na ya matairi aiache.

Gari lenyewe ni NCP13, ndivyo chasisi yake inavyoanza. Vitz ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa 1999 hadi 2005, na RS ya injini ya 1.5 ndiyo inayotafutwa hapa. Injini ni 1NZ-FE, sentimita za ujazo 1,496, silinda 4, cheni ya taimingi badala ya mkanda, nguvu ya farasi 109 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Uzito ni takribani tani moja, gia 5, nguvu inakwenda magurudumu ya mbele. Nyuma kuna ekseli moja ya kusokota, yaani hakuna vikono vingi vya kupinda wala bushi kumi za kubadilisha. Huko Japan Vitz iliandaliwa mashindano yake yenyewe ya madereva wa kawaida, Netz Cup Vitz Race, yaliyoanza 2000. Lakini yale yalikuwa ya lami safi ya viwanja kama Fuji. Kokoto za Pongwe, huku Tanga, ni mtihani mwingine, na gari halikutoka kiwandani likiujua.

Spea: beba kisichopatikana

Injini ya 1NZ-FE imo kwenye aina za 1.5 za IST, Probox, Raum ya kizazi cha pili, Funcargo, Spacio, Allion na Vitz ya kizazi cha pili. Ndiyo maana sanduku la spea la timu liwe kinyume cha mazoea. Wengi huja wamejaza plagi, koili, filta za oili, feni belti na pampu ya maji, vitu vinavyouzwa kila kona, halafu wanakwama kwa pleti ya klachi.

IST ni otomatiki. Hapo ndipo undugu wake na Vitz RS unapokatika. Kila kilicho kati ya injini na tairi la mbele kibebwe kutoka nyumbani: pleti ya klachi, presha pleti na rilizi beringi, vifaa vya mpira vya silinda ya juu na ya chini ya klachi, nyaya mbili za gia na bushi zake za plastiki, shafti moja ya kila upande ambayo imeshafungwa kwenye gari na kujaribiwa, mipira miwili ya sivi jointi (kiungo cha ncha ya shafti) na grisi yake. Ongeza maunti moja ya injini (mpira unaoishikilia), ile ya upande wa giaboksi, kwa sababu ikichanika gia zinaanza kugoma na fundi atahangaika na nyaya bure.

Jamaa wa karibu wa kuazima ni Probox ya gia za mkono. Hata hivyo usinunue kwa kauli ya "inaingia hiyo, kaka". Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, iweke juu ya mpya, linganisha kipenyo, kisha hesabu meno ya katikati. Kwa shafti hesabu meno ya ncha zote mbili na pima urefu. Jino moja likizidi, safari ya kurudi dukani inakula saa nzima, na Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya Swala. Kilichokosekana kabisa Tanga huagizwa Kariakoo na kupakiwa kwenye basi. Kikiagizwa Jumamosi asubuhi kinaweza kufika usiku wake. Kikiagizwa Jumamosi jioni, mmechelewa. Tanga ni waja leo waondoka leo, ila spea nazo zina saa zake.

Tahadhari nyingine: IST ya 1.3 ina injini ya 2NZ-FE. Inafanana kwa sura, na vitu vingi vya nje vinaingiliana, lakini mwendo wa pistoni yake ni mfupi na krenki si ileile. Usikubali kuuziwa "injini ya IST" bila kusoma herufi zilizochongwa kwenye bloku. Kwenye koili, linganisha soketi kabla ya kulipa.

Klachi hufia mstarini. Anayeondoka kwa mizunguko 5,000 huku anaachia mguu polepole anapika pleti. Kwenye morami 2,500 hadi 3,000 inatosha, mguu uachie mara moja, kwa sababu tairi litateleza kabla klachi haijateleza. Kuipima ni rahisi: gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda na kasi isipande, pleti imekwisha, msisubiri harufu. Kushusha giaboksi na kubadilisha klachi kwenye gari hili ni kazi ya saa 3 hadi 4 kwa watu wawili walioshaifanya, ikiwa taa na stendi nne zipo. Kwa jeki moja na mawe haifanyiki salama, na hilo halina mjadala.

Vumbi, hewa na maji

Katika gari zima, kitu rahisi kuliko vyote ndicho kinachoamua injini itaishi misimu mingapi: filta ya hewa. Vumbi la morami ni laini kama unga wa muhogo. Likipenya pembeni ya filta linakwenda moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni, na 1NZ-FE iliyotembea sana tayari ina tabia ya kula oili kwa sababu ya ringi zilizoganda. Tumieni filta ya karatasi, mpya kila asubuhi, na mbili za akiba. Pakeni grisi nyembamba kwenye mdomo wa mpira wake ili ikalie boksi bila mwanya. Katikati ya siku ikung'uteni kwa mkono. Ukitumia upepo wa kompresa, puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kamwe si kinyume. Zile filta za pamba zilizolowekwa oili, zinazouzwa kwa sifa nyingi, zikae kwenye magari ya maonyesho. Oili yake inaruka na kukaa juu ya sensa ya hewa iliyo mara tu baada ya boksi, gari linaanza kukohoa, na timu inabadilisha plagi ambazo hazina kosa.

Rejeta inastahili geji ya joto inayosoma nyuzi. Taa ya dashibodi huwaka shughuli ikiwa imekwisha. Thermostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na katika joto la kaskazi mtaona 90 hadi 98 bila tatizo. Ikipita 105 dereva apunguze. Ikifika 112 azime na asukumwe. Bloku na silinda hedi vyote ni vya alumini, na hedi ikishapinda hakuna duka la Jumamosi jioni litakalowaokoa.

Sababu za kuchemsha huku kwetu zinajirudia. Ya kwanza ni uchafu kati ya mapezi ya rejeta: nyasi, vumbi lililogandana na nyuzi za mkonge kama njia inapita pembeni ya shamba. Osheni kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Pampu ya presha kubwa inalaza mapezi na kuziba kabisa. Ya pili ni mfuniko wa rejeta. Springi yake ikichoka mfumo haushiki presha. Mfumo mzima ukishika presha ya kama bar 1.1, maji huchemka karibu na nyuzi 120. Usiposhika, yanachemka kwenye 100 kama ya chai. Mfuniko ni bei ya chakula cha mchana, badilisheni tu. Ya tatu ni maji yenyewe. Maji ya visima vya mwambao yana chumvi, yakiingia kwenye injini ya alumini yanaila kimyakimya. Bebeni lita 10 za maji yaliyochujwa ya betri au kuulanti iliyokwishachanganywa.

Kinga ya chini ya injini ni lazima, na hapa wengi hukosea kwa kuzidisha. Bati la chuma la milimita 3 au alumini ya milimita 6 linatosha. Liachiwe tundu la kufungulia oili na nafasi nyuma ya kutokea hewa. Kinga iliyozibwa pande zote inakusanya tope na kuhifadhi joto, na gari lililokuwa halichemki linaanza kuchemka baada ya "kuimarishwa".

Oili ni lita 3.7 pamoja na filta. Jazeni mpaka alama ya juu ya kijiti, kwa sababu kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), na ikiwa chini bomba la kunyonya linameza hewa. Kwa joto la hapa 10W-40 ni chaguo la busara kuliko zile nyepesi za kubana matumizi ya mafuta. Petroli nayo hukimbia vilevile. Tanki ni la lita 45. Likishuka chini ya robo, injini itakatika katikati ya kona na kurudi yenyewe kwenye mnyoofu. Kabla ya kulaumu pampu, ongezeni lita 10. Kwa bajeti, hesabuni lita 25 kwa kila kilomita 100 za mwendo wa mashindano, na msiamini anayesema Vitz hainywi.

Breki na hewa ya bahari

Hapa Tanga ina kosa lake ambalo mtu wa Dodoma hana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya mwambao imejaa unyevu mwaka mzima. Mafuta hayo huuzwa kwa madaraja ya DOT. DOT 3 mpya huanza kuchemka si chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imelowa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na kanyagio linakwenda mpaka chini. Dereva anasema breki zimefeli. Fundi anafungua anakuta pedi nzima, diski nzima, hakuna kinachovuja. Kesi ilikuwa kwenye chupa.

Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kuwekwa rafuni Chumbageni haifai kwa mbio hata kama imejaa. Nunueni chupa ndogo za nusu lita zilizofungwa, DOT 4 au 5.1, na mbadilishe mafuta yote kabla ya kila wikiendi ya mashindano. Lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima. DOT 5 bila hiyo nukta moja ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine. Wauzaji wengine huzichanganya kwa sababu namba zinafanana.

Kutoa upepo, anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Gari ni la usukani wa kulia, silinda iko kulia, kwa hiyo: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mmoja akanyage mara tatu na kushikilia, wa pili afungue nipo (kizibo cha kutolea upepo kwenye breki) robo mzunguko, afunge kabla mguu haujaachiwa. Chombo cha juu kisikaukie katikati ya kazi, la sivyo mnaanza upya.

Pedi mpya zina hatua ambayo timu nyingi huiruka. Zikifungwa na kupelekwa mstarini moja kwa moja, uso wake unaungua na kung'aa kama kioo, kisha hazishiki tena wikiendi nzima. Endesheni barabarani, punguzeni kutoka kilomita 60 hadi 20 mara 8 hadi 10 bila kusimama kabisa, halafu mtembee dakika kumi bila kugusa breki. Baada ya hapo badilisheni pedi zikifika milimita 4. Ile ya milimita 1 iliyoandikwa kwenye vitabu ni ya mtu anayekwenda sokoni. Mlio mkali wa chuma unaoanza ghafla kwenye morami mara nyingi ni kokoto iliyonaswa kati ya diski na kinga yake ya vumbi. Bisibisi moja, dakika moja.

Matairi: zawadi ya IST

RS ilitoka na 185/55R15. Saizi hiyo kwa morami haina nyama ya kutosha, na si ya kuikuta kirahisi. IST hutumia 185/65R15, rimu za inchi 15, nati 4 kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati milimita 54.1, sawa na Vitz. Tairi la IST ni refu kwa milimita 37 hivi, kwa hiyo gari linanyanyuka milimita 18 bila kugusa springi. Gharama yake ni kwamba gia zinakuwa ndefu kwa asilimia 6, na gari lililokuwa na pumzi kidogo kutoka kona ya polepole linakuwa na pumzi kidogo zaidi. Kwenye mzunguko wenye kona nyingi za gia ya pili utalisikia hilo. Bado ni biashara nzuri. Kabla ya kushangilia, zungusheni usukani mpaka mwisho pande zote na kuangalia kama tairi linagusa kiti cha springi au plastiki ya ndani ya bampa.

Rimu za chuma, si alumini. Chuma hupinda na kugongwa kwa nyundo, alumini hupasuka. Nati ni za milimita 12, zikazwe kwa Nm 103 kwa spana ya kupimia nguvu na zipimwe tena baada ya raundi ya kwanza, kwa sababu rangi na kutu vilivyobanwa chini yake hulegea.

Upepo uanzie psi 30 mbele na 33 nyuma, tairi zikiwa baridi. Nyuma iwe ngumu zaidi makusudi: gari la kuvutwa na mbele hupenda kwenda moja kwa moja kwenye kona, na nyuma ikiteleza kidogo pua inageuka. Rekebisheni psi 1 au 2 kwa mara, si 5. Msishuke chini ya 28. Kokoto za chokaa za upande wa Pongwe na Amboni zina makali, na tairi laini linabanwa kati ya jiwe na rimu, linachanika ubavuni ambapo hakuna kiraka kinachoshika. Matairi 8 kwa siku mbili ni idadi ya haki. 6 ni ya ujasiri.

Kinachotunza roho

Fremu ya kinga ndani ya gari si mahali pa kubania. Kipimo cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa tao kuu ni bomba la chuma lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la maji, hata liwe nene namna gani, lina mshono na litafunguka pale pale linapotakiwa kushika. Mikanda ya mashindano ina tarehe ya mwisho kwenye lebo yake, miaka mitano kwa kawaida. Ile ya mtumba inayouzwa kwa bei ya kutupa imetupwa kwa sababu hiyo hiyo. Kizima moto cha unga cha kilo 2 kifungwe kwa bano la chuma ambapo dereva aliyefungwa mkanda anakifikia, si kwenye buti chini ya jeki.

Watu wanne, nusu saa

Gari hili halihitaji kikosi kikubwa, linahitaji kila mtu ashike eneo lake. Likirudi kutoka raundi lisizimwe papo hapo. Bonati ifunguliwe, injini ingurume dakika moja au mbili ili joto lishuke. Mtu wa matairi anapima upepo ukiwa moto na kuuandika, maana baada ya dakika tano namba hiyo haina maana tena. Papo hapo anaelekeza kipimajoto cha bunduki kwenye diski. Upande mmoja ukiwa juu kwa nyuzi 40 au zaidi kuliko mwenzake, pistoni ya kalipa imeganda. Kipimajoto hicho ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote kwa bei yake.

Fundi analala chini na tochi. Anatafuta grisi iliyorushwa ndani ya rimu, dalili ya mpira wa sivi jointi uliochanika. Anaangalia maunti, kinga ya chini, na boliti mbili zinazoshika shokapu kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu). Boliti hizo zikicheza hata kidogo, alaimenti imehama na gari linavuta upande. Chora mstari wa rangi nyeupe ukivuka nati na chuma tangu Ijumaa: mstari ukikatika, nati imezunguka, huna haja ya spana kujua.

Wa nne ana saa na daftari. Dereva haguswi na spana; anakaa kivulini, anakunywa maji, anaeleza gari lilifanya nini na wapi, kwa maneno ya kona fulani na gia fulani. "Linasumbua" si taarifa. Machungwa ya Muheza yapo, chumvi kidogo kwenye maji ipo, na hakuna anayestahili biriani kabla ya raundi ya saa nane.

Taa ya injini ikiwaka, zile mashine ndogo za bei rahisi za kusomea kwa simu mara nyingi hazielewani na magari ya Japan ya miaka hiyo. Njia ya zamani inafanya kazi: kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu mimweko ya taa. Angalieni mara mbili, maana tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja na waya ukikosea njia fyuzi inaondoka. Shina la matatizo mengi ya ajabu ya umeme ukanda huu ni waya wa ardhi ulioota kijani kwa chumvi. Ufungueni pande zote, betri, bodi na injini, sugueni mpaka chuma kiwe cheupe, ndipo mnunue sensa. Gari likikosa nguvu mizunguko ikiwa chini huku juu likiwa sawa, tazameni kichujio kidogo cha waya cha vali ya oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali. Ni kidogo kama kidole cha mtoto na huziba kwa oili chafu.

Kununua

RS halisi ya gia za mkono haiji kila siku. Someni bamba la chasisi lianze na NCP13. Stika ya RS kwenye buti inauzwa mitaani. Ikikosekana, Vitz RS ya kizazi cha pili, NCP91, ina injini hiyohiyo ila ni nzito kidogo. Kugeuza Vitz ya otomatiki kuwa ya mkono kunawezekana, lakini kanyagio, giaboksi, nyaya, shafti na marekebisho ya waya vikijumlishwa, mara nyingi mnakuwa mmefikia bei ya RS na bado mna gari lenye waya zilizokatwa.

Mnapolikagua, liwasheni likiwa baridi, mtu asimame nyuma. Moshi wa buluu unaotoka ukikanyaga mafuta kwenye mlima ni ringi. Kwa matumizi ya mjini mngevumilia, kwa mbio mtakuwa mnaongeza oili kila raundi. Mgongano wa cheni kwa sekunde mbili tatu asubuhi ni kikaza cheni kilichochoka. Tingisheni mpini wa gia ukiwa ndani ya gia ya tatu. Ukicheza sana ni bushi za nyaya, kitu kidogo. Gia ya pili ikikwaruza kila mara ukishusha kutoka ya tatu, hiyo ni ndani ya giaboksi, punguzeni bei au ondokeni.

Jumapili jioni, kabla gari halijapakiwa, mwageni oili ingali moto na mkate filta kwa msumeno wa mkono, mtandaze karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni beringi za krenki zinazoanza kuachia. Unga wa kijivu unaokwaruza kati ya vidole ni mchanga, na boksi la hewa lifunguliwe usiku huohuo kutafutwa mahali ulipopitia.